Tundu Kwenye Ushungi

Kila mwaka baada ya maulidi hunijia kijana mmoja na kitabu chetu cha walimu wa mwanzo, amekifunua ukurasa ule ule. "Shikamoo mzee. Hapa wachapaji wamesahau picha." Namwitikia marahaba, namwambia hawakusahau. Basi huondoka taratibu, kwa adabu, akiamini mzee Mbwana ameanza kuchakaa kichwani. Leo nimeona niandike, ili mwakani mje mniulize jambo jingine.

Kazi iliyonilisha sehemu kubwa ya umri wangu ilikuwa kutafuta sura na maneno ya watu waliokwisha kufa. Ukiniuliza nilisomea wapi, nitakwambia niliishia darasa la tano. Baba alikufa akiwa kibarua wa mashamba ya mkonge kule Muheza. Mama akamfuata kabla watu hawajamaliza kutupa pole ya baba, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mdogo wa mwisho, Zuhura, alikuwa bado anatambaa. Nikafagia studio ya picha mjini Tanga, nikapandishwa cheo nikawa mtu wa chumba cha giza, nikawalea wadogo zangu kwa kuosha nyuso za watu kwenye karai la dawa.

Zawia yetu ya Ngamiani, nyumba ya dhikri na masomo, ilianzishwa na walimu wachache ambao hawakujali kuandikwa wala kupigwa picha. Waliishi, wakasomesha, wakaongoza dhikri, wakafa. Wajukuu zao ndio walioanza kugombana: huyu anasema babu yangu ndiye wa kwanza, yule anasema babu yako alikuwa anapika chai. Kamati ikaamua kukusanya picha za walimu wote wa mwanzo na ushahidi wa waliowaona kwa macho, vichapwe kitabu, ugomvi uishe. Mwenyekiti alikuwa Maalim Shekue, Mbondei mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa maneno. Akaniita akaniambia, "Mbwana, wewe unajua picha zinakozaliwa. Nenda ukatafute zinakolala."

Nikajiona profesa. Ngojeni mwone.

Baada ya muda nilikuwa na picha tatu za walimu watatu, kila mmoja amesimama wima, amevaa joho jeusi lenye taraza ya nakshi kifuani. Nikazitazama usiku na mchana. Taraza ilikuwa moja. Mkunjo wa bega ulikuwa mmoja. Nikaenda mbele ya kamati nikatoa hotuba kwamba nimegundua siri kubwa: joho hili lilirithiwa, mwalimu akikaribia kufa anamvika mwanafunzi wake, na hiyo ndiyo silsila yenyewe, mnyororo wa walimu, tunaiona kwa macho. Wazee wawili walitokwa machozi. Maalim Shekue akavaa miwani, akazitazama picha moja moja, akaniuliza kwa upole, "Mbwana, hili si joho la studio?"

Lilikuwa joho la studio. Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango pale pale nilipofanyia kazi, wateja wasio na nguo ya heshima wakiazimwa. Nililipiga pasi kwa mikono yangu kila Ijumaa kwa miaka. Tangu siku ile, mtu akinisifu kwamba nina jicho la kazi, huyo najua hakuwapo kwenye kikao.

Lakini niliendelea. Mtoto mkubwa wa yatima hujifunza jambo hilo mapema, kwamba aibu haikuzuii kuamka kesho yake.

Mkipenda kuifanya kazi hii, shikeni haya. Msitafute picha ukutani. Ukutani watu wa kwetu hutundika saa, kalenda na aya. Picha ya marehemu haitupwi na haitundikwi, hufichwa. Iko chini ya kanga za juu kabatini, au ndani ya kasha pamoja na udi, na mwenye nyumba atakuapia kwamba hana, kwa sababu kweli ameshasahau. Muulize kama kuna mtu wa nyumba hii aliyekwenda Makka zamani kwa meli. Aliyekwenda Makka alihitaji pasi ya kusafiria, na pasi ilihitaji uso. Mashehe waliokimbia kamera maisha yao yote walikaa mbele yake siku moja kwa ajili ya hija, wamekunja uso kama wanaong'olewa jino. Nilipata walimu wengi kwa njia hiyo. Mmoja nilimpata kwenye picha ya timu ya mpira, golikipa, na wajukuu zake mpaka leo hawajanisamehe.

Siku hizi mnapiga picha ya picha kwa simu na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp kabla chai haijapoa. Mimi nilibeba kamera, kitambaa cheusi na barua ya Maalim, na hata hivyo nilifukuzwa kwa mbwa kule Amani, nikapotea Horohoro nikimtafuta mtu ambaye alikuwa jirani yangu Tanga.

Kuhusu ushahidi, mwalimu wangu alikuwa mvuvi mmoja wa Ushongo. Alinisimulia jinsi mmoja wa waanzilishi wa zawia alivyoinua mkono na mvua ikasimama, watu wakavuka mto Pangani wakavu. Nililia. Nikajaza kaseti nzima. Nikiwa njiani kurudi nikaanza kuhesabu umri wake, nikaona kwamba mwanzilishi huyo alipokufa yule mvuvi alikuwa hajazaliwa. Nikarudi, nikamuuliza kwa heshima. Akanijibu bila kutahayari, "Lakini si hadithi nzuri?"

Tangu hapo, kabla ya kumuuliza shahidi alichokiona, namuuliza swali moja: wewe ulikuwa umekaa wapi? Aliyesimuliwa atakujibu kwa sifa. Atasema marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye nuru usoni. Aliyekuwapo atakwambia alikuwa amekaa karibu na mlango, na mkeka ulikuwa unamchoma mapaja, na nje mtu alikuwa anatwanga. Atakupa kitu kisicho na faida yoyote. Kitu hicho kisicho na faida ndicho cha kushika, kwa sababu hakuna mtu anayejisumbua kukitunga.

Sasa tuje kwenye ukurasa wenu.

Miongoni mwa walimu wa mwanzo alikuwamo mwanamke, Mwalimu Somoe. Ndiye aliyewasomesha wanawake, uani, nyuma ya pazia. Alifariki akiwa bado kijana, akaacha mtoto mchanga, Bi Hidaya. Huyo mtoto alilelewa na jamaa za baba yake, na nilipomfikia alikuwa bibi mwenye vitukuu, akikaa barazani kwake akisuka ukili.

"Mimi sikumjua mama," aliniambia. "Hao walionilea waliniambia kila kitu nilichonacho ni chao. Hata kidevu hiki, ambacho mtu angeweza kuvunjia nazi, waliniambia ni cha ukoo wa baba. Nikakikubali. Ningefanyaje?"

Kisha akaacha kusuka. Alikuwa ametoka hospitali, na daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho. Dawa ingechelewesha upofu, isingeponya. Alikuwa ameanza kuona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lilikuwa likizidi kuwa dogo.

"Kitabu chenu sina haja nacho," akasema. "Nitafutie uso wa mama yangu kabla mlango haujafungwa."

Wapo watu wanaoweza kulisikia neno hilo wakaenda kulala. Mimi nilikuwa na mdogo wangu Zuhura, ambaye naye alikuwa akiniuliza mama yetu alikuwaje, na sisi hatuna picha hata moja. Sikulala.

Mwanafunzi wa Mwalimu Somoe aliyekuwa bado hai alikuwa mmoja tu, Bi Mwanahamisi, kule kule Ushongo. Nilimkuta anachambua dagaa. Nikamuuliza alikuwa akikaa wapi darasani.

"Nyuma yake kidogo, upande wa kulia. Alikuwa hataki nikae mbele, nacheka sana."

"Na ulikuwa unaona nini ukiwa pale?"

"Tundu."

"Tundu gani, mama?"

"Kwenye ushungi wake. Alikuwa na ushungi mmoja wa maana, na cheche ya udi iliutoboa hapa, juu ya sikio. Tundu la ukubwa wa punje ya kunde. Wenzangu wanasoma, mimi natazama tundu. Nataka kutia kidole." Akatupa dagaa mmoja kwa paka. "Ndiyo maana mpaka leo sijui kusoma vizuri. Andika hivyo. Waambie ni kwa ajili ya tundu."

Niliandika. Ndiye aliyeniambia pia kwamba Mwalimu alikwenda Makka mwaka mmoja kabla ya kufa, pamoja na shoga yake wa Pemba, Bi Time, na kwamba kabla ya safari walipigwa picha za pasi siku moja, wakapeana nakala. Bi Time hakuwapo tena duniani, lakini mjukuu wake, Asha Kombo, alikuwa anakaa Wete.

Nikapanda boti, nikaenda Wete. Asha alizungumza nami akiwa ndani, mimi nje, pazia katikati, na mumewe ameketi kando yangu kwenye kigoda.

"Wewe mwanamme unataka nini na picha ya mwanamke?" akauliza.

Nikamweleza.

"Picha ipo. Bibi aliniachia bahasha kashani, akaniusia, asiione mwanamme asiye maharimu wake. Nikikupa utaitazama."

"Sitaitazama."

"Apa."

Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote. Asha akaingia stoo, akafungua kasha, akatoa bahasha. Kwa kuwa bibi yake alimkataza kuifungua ovyo, hakuifungua. Akampa mumewe, ambaye aligeuza uso pembeni. Mumewe akanipa mimi, nami nikaitia kifuani bila kuitazama hata kwa nje. Nikavuka nayo bahari kama mtu aliyebeba yai la tausi. Tanga sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Hidaya, nikampa bahasha, nikageukia ukuta.

Nikasikia karatasi ikichanwa. Kisha kwa kivuli chake ukutani nikajua anaisogeza picha karibu na jicho, anaipeleka mbali, anairudisha. Nilikuwa nautazama ukuta wa chokaa, najiambia hii ndiyo saa uliyozaliwa kwa ajili yake.

"Mbwana."

"Naam, Bi."

"Mama yangu alikuwa na sharubu?"

Nikazidi kuukazia macho ukuta.

"Geuka utazame," akasema. "Nadhani huyu unaruhusiwa."

Alikuwa kijana wa kiume amevaa suruali ya bugaluu, ameegemea pikipiki iliyochorwa kwenye pazia la studio. Baadaye tulijua ni mjomba wa Asha. Kashani zilikuwamo bahasha mbili. Bahasha ya kijana yule ilikuwa imepita mikononi mwa watu watatu wenye heshima zao, imevuka bahari, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuitazama, kwa ajili ya kulinda sitara yake.

Bi Hidaya alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Nami nilicheka, nikiwa na haya. Lakini alipotulia aliniambia, "Leo nimemwona huyu kijana uso mzima. Boti ijayo sijui kama nitaona nusu." Hapo kicheko kilikatika.

Niliporudi nyumbani nikamweleza Zuhura. Dada yangu huyu anashona nguo, mdomo wake una sindano hata asiposhona. Akaniuliza, "Kwa hiyo wewe, mtafuta picha, umetumwa kuleta picha usiyoruhusiwa kuiona?"

"Ndiyo."

"Na ulikwenda peke yako?"

"Ndiyo."

"Na mimi mwanamke nimekaa hapa hapa, na macho mawili?"

Mtu aliyepiga pasi joho kwa miaka asilitambue hana la kujibu.

Zuhura anaogopa bahari. Alitapika tangu boti ilipoiacha bandari, na kila alipopata pumzi alinitukana kwa jina la kazi yangu. "Wee mtafuta picha, nikifa nitafutie yangu." Tulipofika Wete alikuwa wa kijani usoni. Asha alimpokea kwa huruma, akamwingiza ndani, akamkamulia maji ya ndimu, na mimi nikabaki nje kwenye kigoda na yule mume, ambaye alikuwa bado hajajua acheke au aniombe radhi kwa mambo ya mjomba wa mkewe.

Nilisikia kasha likifunguliwa. Safari hii bahasha ilifunguliwa pale pale, na wanawake wawili. Nilikuwa nimemfundisha Zuhura cha kutafuta, kwa maana picha za pasi za watu wawili zinaweza kuchanganyika, na Bi Hidaya hakuwa na muda wa kuonyeshwa mama wa mtu mwingine. Pazia halikutikisika. Nilisikia Asha akinong'ona, Zuhura akinong'ona. Nilishika magoti yangu.

"Kaka," Zuhura akaita.

"Naam."

"Tundu lipo."

Yule mume akaniuliza tundu gani, nami nikamwonyesha kwa kidole, juu ya sikio langu.

Tanga tulifika alasiri. Zuhura aliingia ndani kwa Bi Hidaya, mimi nikakaa barazani, uso barabarani. Walikaa muda. Mpita njia akanisalimia, nikaitikia salamu isiyo yake. Kisha sauti ya Bi Hidaya ikatoka dirishani, si ya kulia na si ya kucheka.

"Mbwana, upo?"

"Nipo, Bi."

"Kidevu si chao."

Nikangoja.

"Ni cha mama. Hiki hapa, kimekaa vile vile, kizima. Miaka yote hii nimebeba kidevu cha mama yangu nikidhani ni cha watu wale." Kisha akamuuliza Zuhura, "Kaka yako anaelewa ninachosema?" Nikamsikia Zuhura akijibu, "Anaelewa, Bi. Huwa anachelewa, lakini anaelewa."

Kamati iliitaka picha. Maalim Shekue mwenyewe alikwenda kumwomba, akamweleza kwamba walimu wote watakuwa na nyuso isipokuwa mmoja, na wasomaji watauliza. Bi Hidaya alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Maalim, karani wa pasi alimwona mama yangu kwa dharura. Nyinyi mna dharura gani?"

Maalim alirudi akatuambia tuache ukurasa mtupu, na chini yake tuandike maneno ya Bi Mwanahamisi kuhusu tundu. Ndivyo mnavyouona. Bi Hidaya sasa haoni tena, lakini picha anayo. Ina pembe moja iliyokunjika, na kwa pembe hiyo anajua juu ni wapi. Mimi sijaiona mpaka leo. Nimetafuta nyuso umri mzima, na ile niliyoitafuta kuliko zote naijua kwa kuambiwa, kama mvuvi wa Ushongo na mvua yake.

Jioni ya siku ile ya kidevu, tulipotoka kwa Bi Hidaya, nilimsindikiza Zuhura kwake. Alitembea bila kusema, jambo ambalo kwake ni dalili ya homa. Tulipolipita soko akasema, "Kaka, mama alikuwaje?"

"Si nimekwisha kukwambia. Alikuwa mpole, mcha Mungu, mzuri wa sura kama wewe."

"Hayo ni ya kwenye tanzia," akasema. "Umenipa hayo hayo tangu nina meno ya utoto, na mimi nayapokea. Leo nakuuliza kama unavyowauliza wenzako. Wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Nilisimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akanipigia kengele. Nilikuwa nimewauliza watu swali lile pwani nzima, toka Pangani mpaka mpakani, na halikuwahi kuniuma.

"Kwenye kinu," nikasema. "Kinu kilichopinduliwa, uani."

"Na mama?"

"Anapepeta mchele. Anawarushia kuku chenga. Kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu, huyo hampi, huyo anamrushia kokoto. Alimwita Bwana Shauri."

"Kwa nini Bwana Shauri?"

"Alikuwa anaingia nyumba za watu bila hodi, kama yule Bwana Shauri wa serikali ya mkoloni."

Zuhura akaanza kucheka, ameshika tumbo. Tukaendelea kutembea. Nikamwambia jogoo alivyoingia jikoni, na mama alivyomfuata na ungo kichwani, na jinsi alivyomwamkia kwanza, shikamoo Bwana Shauri, ndipo akamtupia kata ya maji. Mambo yasiyo na faida yoyote. Sikujua kama bado ninayo.

Tulifika mlangoni kwake. Alitoa ufunguo, akaushika mkononi, hakufungua.

"Rudia," akasema. "Tangu kwenye kinu."